Nakwenda Makitaba: Safari ya Kutafuta Barua ya Mama

Wenzangu wa karakana, nanyi wa Jumuiya tunaosali pamoja, mmeniuliza swali moja kwa namna nyingi: safari ya Shinyanga, ambayo barabara ikiwa kavu ni ya siku moja, ilikuwaje ikanichukua siku tano, na kwa nini nilirudi natembea kifua mbele kama mtu aliyevishwa nishani. Nawajibu kwa maandishi, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mnanikatiza, hasa wewe Deo. Nitafuata njia kituo kwa kituo. Mambo ya tiketi na vitambulisho nayaruka, hayana ladha.

Sababu ya kuondoka

Mama yangu, Minza, anakaa nami hapa Kharumwa tangu macho yake yalipoingia ukungu. Kwa miaka mingi alikuwa akiwasimulia wajukuu kwamba zamani, alipokuwa mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima kijijini kwetu Mwasubi, aliliandikia barua gazeti la vijijini, akiomba kijiji kiletewe vitabu, na gazeti likaichapa. Yeye mwenyewe hakuiona. Nakala ya gazeti haikufika Mwasubi. Aliambiwa tu na mwalimu wa kisomo, naye mwalimu akahamishwa mwezi uleule. Baada ya mavuno ya pamba lilikuja lori na sanduku la bluu lenye mhuri wa maktaba, limejaa vitabu. Kijiji kizima kikamshukuru mwenyekiti. Mwenyekiti akapokea shukrani.

Sanduku hilo nalijua vizuri. Nilipomaliza darasa la saba na safari yangu ya shule ikaishia hapo, nililisoma lote, kitabu kwa kitabu, kisha nikarudia. Humo mlikuwa na kijitabu cha kuchimba visima, chenye mchoro wa pampu iliyokatwa katikati ili uone inavyonyonya maji. Pampu zote nilizozitengeneza machimboni tangu hapo zimetoka kwenye mchoro ule.

Sasa, siku tulipombatiza mjukuu, mama alianza kuisimulia barua yake. Mdogo wangu Paulo, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na mtu mzuri, akasema mbele ya wote, "Mama, hiyo barua uliiota. Ingekuwepo, mtu mmoja angeiona." Watoto wakacheka. Tangu siku ile mama hakuitaja tena. Mtoto mdogo kuliko wote alipomwomba amsimulie, alisema, "Kamuulize mwalimu."

Nami nikiri: sikuwa na hakika. Nilikuwa nimeandika katika daftari langu masimulizi yake ya mara tatu, kwa tarehe, na kila mara maneno yalibadilika kidogo. Sentensi ya kwanza tu ndiyo iliyobaki ileile: *Kitabu kimoja tumekimaliza.* Sentensi moja si ushahidi. Lakini mama kuitwa mwongo nyumbani kwangu, na mimi niliyeshiba kwenye sanduku lile nikae kimya, halikuwa jambo la kuvumilia. Nikachukua cheti cha ubatizo cha dada yetu Nyamizi, maana mama husema siku ya kuandika alikuwa na Nyamizi mgongoni, hajaanza kutembea. Hesabu ikanipa muda wa miezi kama kumi na minane ya kutafuta. Nikasikia kwamba maktaba ya zamani mjini Shinyanga inatunza magazeti ya aina ile. Nikafunga mfuko.

Kharumwa hadi Mwakitolyo

Jumanne asubuhi nilipanda lori dogo lililokuwa likipeleka matimba Mwakitolyo, yaani yale magogo ya kuzuia kuta za mashimo zisianguke. Mwenye lori nilimtengenezea pampu mwaka jana, hivyo nilikaa mbele. Mama alikuwa amenifungia michembe kwenye kitambaa. Kwa wale wa kutoka mikoa mingine mliohamia hapa: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, chakula cha Msukuma asiyemwamini mwenye hoteli.

Tulifika Mwakitolyo saa nne. Hapo nikaambiwa mvua ya usiku imefunika kivuko cha mbele na magari yote yanayokwenda Shinyanga yanageuza. Nikaingia bandani kwa mama lishe mmoja, Mama Neema, nikaagiza chai, nikafungua kitambaa changu.

"Fundi," akasema Mama Neema, "umekuja na chakula kwenye banda la chakula. Kesho njoo na meza, keshokutwa njoo na moto."

Watu wakacheka. Pembeni alikuwa amekaa mwanamume wa miaka kama thelathini na mitano, kofia ya mkono kichwani, anakunywa chai kwa kuipuliza. Jina lake Rajabu, mtu wa Kondoa, dalali wa mashimo ya dhahabu: huwaunganisha wenye maeneo na wenye mitaji. Akaniuliza nakwenda wapi.

Hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na nililizaa mimi. Sisi Wasukuma ulimi wetu haupendi konsonanti mbili zishikane bila irabu katikati. Kuandika naandika maktaba, lakini kinywani mwangu hutoka makitaba. Rajabu, ambaye amekaa na Wasukuma miaka sita na anaamini anawaelewa, akasikia mkataba.

"Nakwenda Shinyanga, makitaba," nikamwambia.

"Aa. Wa nini?"

"Kuna barua ya zamani ya mama yangu. Nikiipata tu, maneno yamekwisha."

Akaweka kikombe chini. "Barua ya zamani. Mama yako ni mtu wa wapi?"

"Mwasubi."

"Mwasubi!" Akatazama nyuma, akasogea karibu. "Na hiyo barua, watu wanajua ipo?"

"Mdogo wangu anasema haipo."

"Mzee wangu, ndugu siku zote husema haipo. Wewe umeiacha muda wote huo?"

"Sikuwa na uhakika. Sasa nimepiga hesabu, najua pa kuchimbua."

Neno hilo la kuchimbua nililitumia kwa maana ya kupekua. Sikujua limemwingia vipi. Alisimama, akakung'uta suruali, akaniambia, "Maji ya kivuko hayatashuka leo wala kesho. Mimi nitakuzungusha kwa njia ya Kahama. Mtu kama wewe hafai kusafiri peke yake."

Nikajisemea kwamba bado wapo watu wanaoheshimu vitabu.

Kuzunguka kwa Kahama

Rajabu alichukua mfuko wangu na hakuurudisha mpaka Shinyanga. Tulipanda pikipiki mbili mpaka njia kubwa, kwenye matope ambayo mara tatu yalitulazimu kushuka na kusukuma. Kila tulipokutana na mtu anayemfahamu, akaulizwa anakwenda wapi, alijibu, "Namsindikiza mzee, ana jambo." Kisha ananikonyeza. Nami namkonyeza, kwa adabu.

Njia kubwa tulikaa kwenye jiwe kwa saa tatu tukisubiri gari. Aliniuliza maswali mengi na mimi nilimjibu yote kwa ukweli. Ngojeni niwaandikie machache, maana niliyaandika daftarini siku ileile.

"Hiyo barua inasema nini hasa?"

"Inaomba tuletewe vitu Mwasubi. Na vililetwa. Vililetwa kwa lori."

"Serikali ilileta?"

"Ilileta. Lakini sifa akachukua mwenyekiti."

"Mwenyekiti!" Rajabu akatema mate. "Wenyeviti nawajua. Na vitu vyenyewe vilitoka?"

"Mimi mwenyewe vimenitoa. Yote niliyo nayo yametoka pale."

Alinitazama viatu, vya matope na vya zamani, kisha akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Mzee, unajua kujificha."

Lori la mpunga likatupakia, tukafika Kahama jua linazama, tukalala kwenye nyumba ya wageni yenye mashuka safi. Asubuhi alininunulia supu na chapati. Niliona haya, nikamgawia michembe yangu. Aliitafuna muda mrefu, kisha akauliza kama inaliwa na maganda yake. Nikamweleza kwamba haina maganda.

Isaka

Jumatano basi letu lilifika Isaka likatoa moshi. Mkanda ulikuwa umekatika, na wa kubadilisha ilibidi ufuatwe Kahama. Abiria wakashuka wakilalamika. Mimi sikulalamika sana, kwa sababu Isaka nilikuwa nimepita mara nyingi na sijawahi kusimama.

Simameni siku moja Isaka. Makontena yamepangwa juu ya makontena, treni imelala, malori yanasubiri kwa safu ndefu, na madereva wamekaa kwenye vivuli vya magari yao wakipika. Nilitembea kando ya safu nikisoma maandishi ya kila lori, yanakotoka na yanakokwenda. Bidhaa za nchi tatu za magharibi zinapita kwenye mchanga wetu huu. Tumezoea kusema kwetu ni pembeni. Niliandika daftarini: *Mahali ambapo mizigo ya watu wote inapita si pembeni.*

Mchana tulikula wali na maharage kwa mama mmoja anayepikia madereva. Rajabu aliingoja sahani yangu iishe, akanawa mikono, akakohoa.

"Mzee Mabula," akasema, "mimi si mtu wa tamaa. Kazi ni kubwa, wewe ni mmoja. Huwezi kuimaliza peke yako."

"Ni kweli," nikasema. Nilikuwa nikifikiria miezi kumi na minane ya magazeti. "Hata mimi nimeliwaza hilo."

"Basi nipe upande mmoja tu. Upande wowote."

Ndugu zangu, nilifurahi mno. Mtu nisiyemjua, anajitolea kusoma! Nikampangia palepale: "Wewe chukua kushoto, mimi kulia. Tunakwenda pamoja, hakuna kumtangulia mwenzako. Atakayeona dalili anasimama, anamwita mwenzake."

"Na nikiona mimi?"

"Tumeona wote."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yakamlegea. "Mzee," akasema, "Wasukuma watu."

Mkanda ulifika alasiri. Basi halikufika mbali, likazima tena, na usiku ule tulirudi kulala Isaka.

Shinyanga, mlangoni

Alhamisi saa sita mchana tulishuka Shinyanga. Rajabu alinawa uso kwenye bomba la stendi, akavaa shati safi na kubana kalamu mfukoni. Nilimpenda zaidi kwa hilo. Mimi pia nilibadilisha shati.

Jengo ni la zamani, la chini, paa limeshuka mpaka juu ya kibaraza kipana, na madirisha yake ni marefu ili mwanga uingie mpaka katikati ya chumba. Nilisimama nje bila kuingia. Nina miaka hamsini na mbili. Sanduku la bluu lilitoka ndani ya mlango ule kabla sijajua kusoma, na mimi ilinichukua umri wote huu kulifuata lilikotoka.

Rajabu alisoma kibao. Akakisoma tena, safari hii akitembeza kidole hewani chini ya herufi.

"Mzee. Ofisi ya mkataba iko mlango wa nyuma?"

"Mkataba gani? Hii ndiyo makitaba."

"Mak-ta-ba," akasoma.

"Ndiyo. Makitaba."

Aliniangalia. Akaangalia kibao. Akaweka mfuko wangu chini polepole, kama mtu anayeshusha yai.

"Na barua ya mama?"

"Imo humu, kwenye magazeti. Aliomba vitabu."

"Vitabu." Akakaa kwenye ngazi. "Vile vitu vya Mwasubi... vitabu?"

"Ulidhani nini?"

Alivua kofia akajifunika uso nayo, na mabega yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia, nikaanza kumwomba radhi. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akalala ubavu kwenye kibaraza. "Upande wa kushoto!" akasema. "Ya Rabi, nimepewa upande wa kushoto!"

Mlango ukafunguka, akatoka mkutubi, mama wa miaka kama arobaini, miwani imefungwa kamba shingoni. Wanamwita Mama Agnes.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Huyu kaka anaumwa?"

"Haumwi," nikasema. "Alidhani tumekuja kusaini mkataba wa shimo la dhahabu."

Mama Agnes alimtazama Rajabu kuanzia kofia mpaka viatu. "Karibu na wewe," akamwambia. "Kusoma hakuna mkataba."

Ndani

Ndani kuna ukimya wa aina ambayo sijaikuta kwingine, hata kanisani, maana kanisani watu hukohoa. Walikuwapo wanafunzi kadhaa, mzee mmoja na gazeti la siku hiyo, na kabati la mbao lenye droo ndogo ndogo zilizojaa kadi. Nilivuta droo moja. Kila kitabu kina kadi yake, na kila kadi imeandikwa kwa mkono au kwa taipu na mtu aliyejali. Kwa mtu kama mimi, anayepanga boliti zake kwa ukubwa, ilikuwa kama kukuta ndugu.

Nilimweleza Mama Agnes ninachotafuta, kwa mpangilio: gazeti gani, kati ya mwezi upi na upi, na kwa nini. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Aliandika kwa jina gani?"

"Minza. Au Minza Lubinza. Lubinza ni baba yake."

Alitupeleka chumba cha nyuma, akaleta majalada mawili makubwa ya magazeti yaliyoshonwa pamoja, karatasi imekuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Masharti: mikono mikavu, penseli tu, kurasa zifunguliwe kwa kushika pembe ya juu. Rajabu alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kwenda zake, na nisingemlaumu. Akavuta kiti akakaa kushoto kwangu.

"Makubaliano ni makubaliano," akasema. "Wewe kulia, mimi kushoto."

Tukaanza. Kila ukurasa wa barua za wasomaji nilitafuta jina la mwanamke kutoka Mwasubi. Walikuwa wengi walioandika: mmoja anauliza dawa ya mdudu wa pamba, mwingine anaeleza jinsi darasa lao lilivyojenga choo, bibi mmoja anawasalimu waliomfundisha kuandika salamu. Nilitaka kusoma zote, nikajizuia. Alhamisi ikaisha, maktaba ikafungwa, jalada la kwanza limekwisha na hakuna Minza.

Ijumaa tuliingia mlango ulipofunguliwa. Mpaka adhuhuri tulikuwa tumevuka nusu ya jalada la pili. Rajabu akaenda kuswali. Nilipobaki peke yangu nilisoma pande zote mbili, na hesabu yangu ya miezi ikawa inakaribia mwisho. Nikaanza kutunga nitakachomwambia mama. Sikupata maneno. Nikajua kwamba nikirudi mikono mitupu nitamwambia kweli, kwa sababu sijui kusema kingine, na kwamba kweli hiyo itamfunga mdomo daima. Nikaacha kusoma, nikamngoja Rajabu arudi.

Alirudi ananukia udi, akakaa, akafungua kurasa mbili nyuma ya pale nilipoishia. "Hizi ulizipita bila mimi," akasema. "Kushoto ni kwangu." Akasoma kwa sauti ya chini, akitembeza kidole hewani juu ya karatasi.

"Mzee, Mwasubi yako ni hii? Ila huyu ni mwanamume. Bwana Lubinza."

"Nimeiona. Si yeye. Babu hakujua kusoma, na alikufa kabla ya kisomo."

Rajabu aliendelea kusoma, midomo ikicheza. Akasimamisha kidole.

"Huyu Bwana ana mtoto mgongoni."

"Nini?"

"Anasema pamba iko shambani na watoto wako mgongoni. Kondoa kwetu hakuna bwana wa hivyo. Usukumani mnao?"

Nikavuta jalada. Nilikuwa nimeangalia jina tu, nikapita. Mtu anayejivunia utaratibu wake aliangalia jina tu! Nikasoma sentensi ya kwanza: *Kitabu kimoja tumekimaliza.*

Hapo ndipo nilipoelewa. Zamani zile mwanamke wa kwetu hakujiandika jina lake la nyumbani mbele ya wageni. Alijitambulisha kwa baba yake: Ng'wana Lubinza, yaani mtoto wa Lubinza. Mama aliandika hivyo. Huko mjini mtu wa gazeti, asiyejua Kisukuma, alikutana na neno lisilomwingia machoni, akaliona kuwa ni Bwana lililoandikwa vibaya, akalisahihisha. Barua ilichapwa, na mwenyewe akatolewa ndani yake.

Rajabu ndiye aliyesema. Wachimbaji shimo likianza kutoa dhahabu husema limetema, na yeye hana neno lingine la furaha.

"Limetema!" akapiga kelele. "Mzee, limetema!"

Mama Agnes akatokea mlangoni. "Kaka, hapa hatupigi kelele." Kisha akaona uso wangu, akaingia, akainama asome. Tulisoma watatu. Barua hii hapa, neno kwa neno, kama nilivyoinakili kwa penseli:

*Ndugu Mhariri,*

*Kitabu kimoja tumekimaliza. Tumekisoma mara nne, na sasa tunakisema hata kikiwa kimefungwa. Hatujui tena kama tunasoma au tunakumbuka. Mwalimu anasema tumefaulu. Mimi nasema aliyefundishwa kutembea ndani ya nyumba yake tu bado hajafika popote. Tunasikia kwamba mjini Shinyanga kuna nyumba iliyojaa vitabu. Sisi hatuwezi kuifuata, pamba iko shambani na watoto wako mgongoni. Basi nyumba hiyo itutumie vitabu, nasi tutavilinda visiliwe na mchwa.*

*Ni mimi, Bwana Lubinza, Kisomo cha Watu Wazima, Mwasubi.*

Chini yake mhariri aliongeza mstari mmoja: ombi hili limefikishwa kwa wenye maktaba.

Mama Agnes alivua miwani akaifuta. "Mimi nimekaa na hili jalada miaka kumi na moja," akasema. Nilimuuliza kama naweza kusahihisha jina. Akasema gazeti lenyewe mtu yeyote haligusi kwa kalamu, hata yeye. Lakini alileta kipande cha karatasi ngumu, saizi ya zile kadi za droo, akanipa penseli. Niliandika: *Mwandishi wa barua hii ni mwanamke, Minza Ng'wana Lubinza wa Mwasubi. Sanduku aliloomba lilifika. Aliyeandika haya alisoma humo.* Akaitia katikati ya kurasa zile, nayo imo mpaka leo. Yeyote kati yenu atakayefika Shinyanga aombe kuiona.

Tulipiga picha ya ukurasa kwa simu ya Rajabu, kwa kuwa yangu haina kamera ya maana.

Kurudi

Maji ya kivuko yalikuwa yameshuka. Jumamosi tulikata moja kwa moja, na saa nane mchana tukawa Mwakitolyo. Rajabu alishuka pale. Watu wa bandani walimngojea kwa hamu, na Mama Neema akauliza kama mkataba umesainiwa.

"Umesainiwa," akasema Rajabu. "Nina upande wangu wa kushoto Shinyanga mjini, hakuna atakayeninyang'anya." Akaninong'oneza, "Mzee, mfikishie mama shikamoo yangu. Mwambie ni ya mtu aliyemjua kwa mtoto mgongoni."

Jumapili baada ya misa nilimwita Paulo na watoto wote uani. Mama alikaa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza pembeni. Nilisoma kwa sauti, polepole. Nilipofika kwenye nyumba iliyojaa vitabu, Paulo akainua mkono, kama anavyowafanyia wanafunzi.

"Kaka, simama hapo. Mama, kinachofuata ni nini?"

Nilikasirika, nikataka kumjibu. Mama akanizuia kwa kiganja. Akageuza uso wake kuelekea ilipotoka sauti ya Paulo.

"*Sisi hatuwezi kuifuata*," akasema, "*pamba iko shambani na watoto wako mgongoni. Basi nyumba hiyo itutumie vitabu, nasi tutavilinda visiliwe na mchwa.* Na mchwa hawakula hata kimoja. Nilikuwa nakwenda kuvianika mwenyewe."

Paulo akanyoosha mkono, akachukua daftari langu, akasoma mpaka mwisho. Akasoma tena jina.

"Wameandika Bwana," akasema kwa sauti ndogo.

"Wameandika nini?"

"Bwana Lubinza, mama. Mahali pa Ng'wana."

Mama akacheka, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu siku ya ubatizo, mpaka akajishika mbavu. "Baba yenu alinitolea ng'ombe kumi na wawili ili niwe mke," akasema. "Ubwana nikapewa bure na gazeti, na hakuna aliyeniambia!"

Watoto wakacheka naye. Paulo hakucheka. Alitoa kalamu nyekundu mfukoni, ile ya kusahihishia madaftari, akaweka daftari langu gotini. Akakata herufi ya B kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake N na g, kisha akaisimamisha kalamu.

"Mama, na kile kikoma cha juu nikiweke?"

"Kiweke," akasema mama. "Hicho ndicho walichokidondosha."